Kiboko Wangu Hahami

Jumanne. Jua kali, vumbi mpaka kwenye chai. Nimeamka na hasira na bado ninayo.

Shule niliiacha darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja, lakini hapa Mwamkulu hakuna mtu anayejua kuunda kitu kama mimi. Nendeni hata kijiji cha Kakese mkatafute. Hayupo.

Kiboko wangu nimemsimamisha njia ya mtoni, palepale viboko wenyewe walipokuwa wanapita kabla maji hayajageuka tope. Mwili ni visiki vya mninga, kichwa tenki la pikipiki, masikio vipande vya dishi, tumboni pipa la maji, mgongoni sola. Giza likianza kuingia, macho yanawaka yenyewe. Huyo ndiye kiboko wa miaka inayokuja: mto ukikauka, yeye anatembea na mto wake tumboni.

Watu wakaja kucheka. Jirani yangu Baba Skola, mkulima wa mpunga, alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee, huyu si nguruwe kameza redio?"

Nikamwacha acheke. Si kawaida yangu.

Jana jioni Masanja, mfugaji, alikuwa anapeleka ng'ombe wake kwenye dimbwi lililobaki. Macho ya kiboko yakawaka. Ng'ombe wakagoma. Masanja akapiga mluzi, akachapa, akatukana kwa Kisukuma. Dume lake likageuka, kundi zima likalifuata mbio mpaka zizini, bila kunywa.

Watu wameona nguruwe, ng'ombe wameona kiboko. Mjinga nani?

Leo asubuhi mwenyekiti wa kitongoji kaja na Masanja. Wanataka nimbomoe kiboko kabla ya Ijumaa, eti mifugo itakufa kiu kwa ajili ya mchezo wangu. Mchezo! Sikuwapa hata kiti. Nikawaambia tafuteni njia nyingine, nyie na ng'ombe wenu.

Mchana kaja Baba Skola, kanyenyekea. "Shikamoo, baba." Mpunga aliovuna bado uko shambani na ng'ombe wanaula. Anataka kiboko akasimame kule, mkokoteni ataleta yeye. "Kule hakuna wa kumbomoa, baba."

Nimeunda siku zijazo, yeye anataka kitisho cha shambani!

"Si nguruwe tena?" nikamuuliza.

"Baba, hata mimi jioni sipiti pale."

Hilo lilinikaa vizuri. Kidogo tu. Nikamfukuza.

Lakini kiu ya ng'ombe sikuiunda mimi, na sitaki iitwe kazi yangu. Jioni nimekwenda mwenyewe, nimevua koti, nimemfunika kiboko macho. Ng'ombe wamepita, wamekunywa, wamerudi. Masanja hakunisalimia, na mimi sikumsalimia. Walipoisha kupita nikavuta koti langu. Macho yakawaka njia nzima.

Kila jioni nitafanya hivyo. Ijumaa waje na mashoka yao, watanikuta nimesimama pale na koti langu. Hahami.

Ila jioni ile miguu yangu itakapogoma, kati ya nyie wote mliocheka, nani atakuja kumfunika macho na kumfunua?