Mgeni Aliyejiita Mwenye Nyumba

Kator, Juba

Wafula,

Wewe ni mzembe. Naanza na hilo kwa sababu salamu zinaweza kungoja, hilo haliwezi. Haya, hamjambo hapo Bungoma? Watoto wamepona kikohozi? Mimi ni mzima, ila magoti, na risasi za wiki hii hazikufika kwetu.

Uliponiambia kwenye simu Alhamisi, "Mama, hiyo plagini, ile programu ndogo ya kusajili watu kwenye tovuti, si mimi niliyeiandika, nitaweka mpya wikendi baada ya harusi," laini ilikatika kabla sijakujibu, na mtandao haujarudi. Jibu langu ndilo hili: nani aliyeileta nyumbani? Na harusi ya nani hiyo isiyoweza kungoja?

Unajua tovuti uliyotutengenezea sisi akina mama wa kanisa ni ya nini. Vita vimetawanya watu. Anayemtafuta ndugu yake anajiandikisha, anaacha jina, basi. Mahali mtu alipojificha panaonekana na mimi na Keji tu, yule binti wa ofisi ya padri. Ndivyo ulivyotuahidi, kifua mbele.

Sasa Poni, unamkumbuka, aliyekuwa akinikandia unga wa chapati mwaka ule nchi ilipopata bendera yake. Mumewe ameuawa. Shemeji yake, mwenye bunduki, anasema watoto ni wa ukoo na Poni sasa ni mke wake. Poni amekataa. Nikamficha mtaa wa Gurei, nikaandika kwenye tovuti kwa kidole changu kimoja: nyumba ya milango ya buluu, nyuma ya kisima.

Jumatano yule mwanamume akatokea Gurei, akamuuliza muuza mkaa, "Nyumba ya milango ya buluu nyuma ya kisima ni ipi?" Maneno yangu, Wafula! Kinywani mwake!

Muuza mkaa akamwambia, "Mwanangu, macho yangu haya hayajui buluu wala nyekundu. Keti kwanza, nikuitie mtu." Mtu aliyekwenda kumwita ni Poni mwenyewe. Mzee huyo alimtorosha na watoto kwa upande wa nyuma. Sasa wako Nesitu, wanalala chini ya malori, wakingoja gari la Nimule, mpakani na Uganda.

Jioni ile Keji akafungua tovuti. Wasimamizi watatu! Mimi, yeye, na mtu tusiyemjua. Alijiandikisha kama mtafutaji tu, lakini kwenye kujiandikisha akachomeka neno kwamba yeye ni msimamizi, na plagini yako ikaamini. Hapa kwetu ukigonga mlango wakati wa risasi unaulizwa, "Ita munu?" Wewe nani? Na hata ukijibu hufunguliwi mpaka aliye ndani aitambue sauti yako. Hiyo yako ilimuuliza mgeni, "Wewe nani?" akasema, "Mwenye nyumba," ikampa funguo! Keji alipotaka kufuta, akaambiwa hana ruhusa. Huyo mgeni ametuvua usimamizi sisi wenyewe. Na wewe ulikuwa unajua wenye plagini wameshaitengeneza upya, ukaketi kwenye vikao vya harusi.

Hiyo mpya yako haitoshi. Keji anasema ukibadilisha kufuli mtu akiwa ameshaingia, umemfungia ndani na vitu vyetu. Wanawake wengine tuliowaficha tumewahamisha kwa miguu. Wawili wako ng'ambo ya vizuizi vya askari, hatuwafikii, na mahali pao bado pameandikwa humo.

Msalimie mke wako, na umsomee barua hii yote ili akugombeze mahali pangu. Msalimie dada yako mwalimu, na mjomba wako wa ng'ombe, mwambie sijasahau maziwa. Wajukuu wangu wabusu.

Mimi mama yako, kukhu wa watoto wako.

Dereva anayekuletea barua hii ni mtu wangu. Usimkaribishe chai kwanza. Zima tovuti nzima, futa kila mahali tulipoandika, umtoe huyo mtu. Nimemwagiza dereva asiondoke mlangoni pako mpaka aijaribu kwenye simu yake mwenyewe na aone haifunguki. Simama sasa hivi.