Fuawe ya Babu

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaja tena. Kaka yangu huyo, jina kajipa mwenyewe. Kasimama mlangoni pa karakana, hataki kuingia, viatu visije vikashika masizi. Viatu! Katika nyumba ya wahunzi! Kapata mteja, mpambaji wa hoteli, anayetaka fuawe ya Babu aiweke mapokezi, juu yake chombo cha maua. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamuuliza mimi nitafulia chuma juu ya nini, juu ya paja lake? Akasema niache ushamba, siku hizi bawaba na majembe vinauzwa dukani. Mama alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja.

Jumatano, 5 Machi

Jino moja limetoka, jingine linacheza.

Nilikwenda kununua mkaa. Narudi, nasikia mashine ya kusagia chuma inalia karakanani. Bosi anaing'arisha fuawe! Ubavuni ndiko ziliko chapa zetu — kila mhunzi wa ukoo huu, siku anapohitimu, hugonga yake. Ya Babu, ya Baba, yangu. Hata ya kwake ilikuwepo, kabla hajaukimbia moshi. Zote kazisaga. Pamebaki laini kama sahani. Anasema alikuwa anaondoa makovu ili mteja apende.

Nilimtandika kwa koleo. Nilitaka kichwa, nikapata mkono. Akanikamata nywele, akanibamiza uso mezani. Akarudia. Mama akatumwagia ndoo ya maji kama mbwa wanaopigana. Namchukia. Nimeandika, na sifuti.

Alhamisi, 6 Machi

Mpambaji kaja. Kapapasa ubavu, kauliza alama ziko wapi. Kumbe alizitaka hizohizo, awahadithie wageni wake! Bila alama ni chuma tu, kasema, akapanda gari akaondoka. Nilicheka mpaka mdomo ukapasuka upya.

Bosi akavunja kioo cha dirisha kwa ngumi. Kisha akanigeukia, damu inamchuruzika hadi kwenye saa yake ya bei.

"Zigonge upya. Ya Babu, ya Baba, zote. Wewe unazijua."

Nighushi chapa ya marehemu baba yangu! Nikamwambia nitaanza kugonga kwenye paji la uso wake. Akaapa ataichoma karakana nami nikiwa ndani.

Hapo ndipo Mama alipofungua kinywa.

"Gonga tu, mwanangu. Nimechoka kukohoa masizi. Na mimi nataka nyumba yenye vigae."

Hiyo imeniuma kuliko jino.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejifungia karakanani tangu asubuhi. Komeo nililifua mwenyewe, halikatiki. Bosi yuko nje na mtaimbo. Anautwanga mlango, anatukana, anapumzika, anautwanga tena. Nimemwambia akiingia namuua. Sitanii, na anajua sitanii. Kuna chuma motoni, kimeiva, chekundu. Koleo liko karibu. Naandika mbio, herufi zinakwenda ovyo.

Ubao wa juu umepasuka. Naliona jicho lake. Nimetupa nyundo — jicho limeondoka, sijui kama imempata. Analia au anacheka, sielewi.

Sasa kimya. Halafu minong'ono. Ni Mama! Nimedhani anamsihi aniache, nimesogea mlangoni nisikie.

Anamwonyesha bawaba ipi ya mlango imelegea.