Mke Wangu Amekuja na Jembe, na Shamba Si Langu

Mpendwa Shangazi Milcah,

Mimi kwa kawaida ndiye ninayeombwa ushauri, hapa Jakobsberg, pembeni mwa Stockholm, Mtanzania akikwama watu husema mtafuteni Mjomba, na kule uwanja wa ndege ninakofanya usafi, mwaka juzi theluji ilipozika ndege hadi mkia ni mimi niliyewaonyesha Wazungu waanzie kufukua wapi, shule niliachia darasa la sita lakini kichwa ninacho, ila safari hii nimeshikwa pabaya, nisaidie.

Miaka minne nimekaa huku peke yangu, na baridi yetu unaijua, saa tisa alasiri giza, miti imebaki mifupa, wiki inapita hujaona jani, basi siku za mapumziko nilikuwa naenda ile nyumba ya vioo yenye mimea ya nchi za joto, naketi benchini chini ya mgomba na chai yangu ya chupa, joto linapanda miguuni, nanusa udongo, raha yangu ilikuwa hiyo tu. Siku moja nikajipiga video nikamtumia mke wangu Domina kule Kibosho, nikamwambia hili ndilo shamba langu, nalima ndani ya vioo. Alifurahi mno, basi nikaongeza, migomba ikawa arobaini, nikaweka na kisima.

Mwezi wa kumi na mbili Domina amekuja, miezi mitatu kwanza, aone kama atahamia. Amekuja na jembe bila mpini limefungwa kwenye kanga, na mbegu za mboga ya mnafu amezishonea kwenye pindo la koti. Asubuhi ya kwanza tu, "Haya baba, twende shambani." Nikamwambia serikali imelifunga kwa ajili ya theluji. Kila wiki anauliza, kila wiki nalifunga upya. Mwezi uliopita Eve, dada wa Kikenya wa kanisani kwetu, akamwonea huruma kwa kushinda ndani, akamtoa matembezi, akampeleka pale pale penye vioo. Domina akaliona benchi, akauona mgomba ule ule, una kibao cha jina na kamba ya kuzuia watu wasiguse.

Hakunigombeza, Shangazi, afadhali angenitukana. Aliporudi nyumbani alivua viatu akasema, "Migomba ni saba. Nimehesabu." Tangu hapo ananipikia, ananijibu ndiyo na hapana, anakaa dirishani akiangalia magari yaliyofunikwa na theluji. Tiketi yake ya kurudi ni tarehe ishirini na nane mwezi huu, na begi ameshalishusha kutoka juu ya kabati. Kinachonipa moyo, juzi dada yake alipiga simu kuuliza habari za shamba, naye akajibu, "Lipo, limelala tu kwa baridi." Nikajua bado ananipenda. Sasa je, nikodi kibanda cha vioo mahali nimwambie lile lilikuwa la maonyesho? Au niifiche pasipoti yake mpaka theluji iyeyuke?

Mjomba, Jakobsberg

*

Mjomba,

Pasipoti usiiguse. Ukiigusa usiniandikie tena, tafuta wakili.

Pole kwa miaka minne. Mimi niko Hässelby, hii ni baridi yangu ya kumi na nane, najua mtu anavyoweza kupanda treni saa nzima kwenda kutazama jani. Hakuna aibu hapo. Ungemwambia mkeo kwamba kuna benchi moja Stockholm linalokuzuia kulia, angekuelewa. Wewe uliona aibu kuwa mpweke, ukampa kisima.

Halafu eti ile simu inakupa moyo! Mwanamume mzima! Domina amewadanganya ndugu zake ili wewe usichekwe. Akirudi hana la kuwaambia, akibaki itabidi aendelee kudanganya. Ndiyo maana amenyamaza. Umemtwika uongo wako, na wewe umekaa pembeni unauita mapenzi.

Sasa sikiliza. Leo hii mpigie shemeji yako, Domina akiwa ameketi hapo, asikie kila neno. Sema shamba sina, sijawahi kuwa nalo, nafanya usafi, na dada yako alinisitiri. Watakucheka Kibosho nzima. Chekwa. Jumamosi mwombe, usimwamuru, mwende kwenye vioo pamoja. Mpishe aketi, mmiminie chai, kisha funga mdomo. Najua kwako hiyo ni kazi ngumu kuliko kufukua ndege. Akitaka kusema, atasema. Akikubali kupanda mbegu zake, nunua beseni, udongo na taa ya kukuzia mimea, mnafu wake uote dirishani. Na watu wakikuuliza, ni beseni moja, Mjomba. Moja.

Haya yote huenda yasimzuie. Unaweza kuyafanya kwa moyo wote na bado tarehe ishirini na nane akapanda ndege, ni haki yake. Ikiwa hivyo, mbebee begi, mshukuru kwa kuja. Na akikuuliza utaishije huku peke yako, usimwambie utakuwa sawa. Mwambie: vibaya.