Kiganja Chini ya Boneti

Alexandria, Jumapili

Kaka yangu Wagdi,

Huku ni salama, baridi tu. Mama anapika molokhia na bado analalamika kwamba Kuwait imekuteka.

Sasa sikia. Yule Shaaban, mume mpya wa mama, amelivalia njuga Pijo la baba. Injini haijawaka tangu baba afariki, wala hajaihangaikia. Anachotengeneza ni sura tu. Amepiga msasa na kupaka rangi kote chini ya boneti, amebadilisha nyaya na mipira ya rejeta, kila kitu kinameta kama vyombo vya bibi harusi. Nikamuuliza, "Ami, gari lenyewe haliendi, unampambia nani?"

Akacheka. "We binti, mdomo wako hauna breki! Nalirudisha lilivyokuwa siku lilipoletwa."

"Na mkono wa baba?"

Unakumbuka kondoo aliyechinjwa siku ile, baba akachovya kiganja kwenye damu na kukibandika chini ya boneti kuzuia jicho la hasidi.

"Nimeurudisha pia, kwa rangi nyekundu. Njooni muone."

Tukaenda. Mama akautazama, akafuta machozi. "Ndio huo huo mkono wa baba yenu!"

Kaka, mkono ule una vidole vitano. Baba kidole cha mwisho cha mkono huo kilibaki kwenye mashine ya kiwanda kabla hatujazaliwa, na mama ndiye aliyemfunga kidonda.

Sijui nimwogope nani kati yao, anayemfuta baba au anayejifanya hamkumbuki. Njoo.

Dada yako,
Inshirah