Siku Isiyo na Namba

Jumatatu, 7 Julai. Bulembia

Chai, mihogo, mafaili. Chai ya nyumba hii ya wageni ni maji yaliyosalimiana na majani kwa mbali. Mito miwili nimeimaliza kabla ya adhuhuri. Wa kwanza hauna maji ya kutosha. Wa pili una wawekezaji wengi kuliko maji.

Wa tatu ni ule ulio juu ya Bwera. Nilikuwa nauruka makusudi tangu Ijumaa.

Niiandike kazi yangu hapa, labda nitaiamini tena. Serikali inaahidi kununua umeme wa mitambo midogo kwa bei moja isiyobadilika, miaka mingi, ili mtu athubutu kujenga mtambo kwenye mto wa kijijini. Mimi ni mmoja wa walioandika masharti ya bei hiyo. Sharti langu: kina cha mto kisomwe kila siku, saa mbili asubuhi, miaka miwili mfululizo. Siku zikikosekana, mto unashushwa daraja, na bei inashuka nao. Nililiweka kwa ajili ya wajanja wanaopima mito wakiwa wamekaa hotelini Kampala. Wenzangu walinipigia makofi.

Msomaji wa mto wa Bwera alikuwa Bwambale, mkulima wa kahawa. Nilimchagua mwenyewe, nikamfundisha mwenyewe. Mwaka jana, mwezi wa tano, mto ulifurika ukamchukua. Alikuwa ameenda kusoma rula ya kina iliyosimikwa mtoni.

Nilituma rambirambi kwa simu. Sikwenda kuzika.

Leo nimefungua faili nikitarajia kurasa zikome mwezi ule. Hazikomi. Zinafika mpaka wiki iliyopita. Mwandiko ni wake.

Jumanne, 8 Julai. Bulembia

Nimezitazama tena. Saba yenye mkato katikati. Moja yenye pua ndefu. Ndivyo alivyofundishwa shuleni, upande wa Kongo. Chini ya kila ukurasa: Bwambale. Kwa Wakonzo kila mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale, Bwera imejaa akina Bwambale. Nilijiliwaza hivyo kama nusu saa. Lakini zile saba.

Nimempigia Hamisi, mwenye duka la simu Bwera, anayepiga picha za kurasa na kuzituma ofisini kila mwisho wa mwezi. Nikamuuliza nani humletea kitabu. "Kinatoka kwa Bwambale, Injinia. Kama siku zote." Nikakata simu. Mtu mzima, nina mvi, nimekata simu kwa woga.

Mkuu wangu anataka saini yangu Ijumaa. Nikiukataa mto, mwenye mtaji anaondoka, na wale watu wa mlimani wanabaki na mishumaa yao. Nikiukubali, nimetia saini kurasa za marehemu.

Sikula mchana.

Jumatano, 9 Julai. Bwera

Nimefika. Mvua njia nzima. Mji ni uleule, malori ya mpakani na matope. Baba alikuwa dereva wa malori hayo, Kiswahili changu nilikiokota humo. Leo hata hilo halikunifurahisha.

Ningeweza kupanda mtoni leo. Nimesema njia inateleza. Uongo.

Nakumbuka nilivyomwambia Bwambale siku ya mafunzo. Nilimshika bega. Nilisema: siku moja ikikosa, mzee, umewaangusha watu wako wote. Nilikuwa natania, nusu. Yeye hakucheka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa amri jeshini.

Neno hilo linanifuata mwaka mzima. Nikipiga mswaki lipo. Nikiswali lipo.

Alhamisi, 10 Julai. Bwera

Nimekwenda. Saa mbili kasoro nilikuwa kwenye kona ya mwisho juu ya mto, natweta. Nikaona mtu ameinama mbele ya rula. Koti la mvua la manjano. Lile koti nililompa Bwambale, lenye kiraka cha bluu begani.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji. Sikuomba wala sikupiga kelele. Niliwaza tu: amerudi, anamaliza miaka miwili niliyomwagiza.

Koti likageuka. Alikuwa Biira, mjane wake.

Alinisalimia vizuri, ndilo lililoniumiza. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Akanionyesha kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Walisoma shule moja, yeye na marehemu, upande ule wa Kongo. Saba zilezile. Nikamuuliza kwa nini anaandika jina la mumewe. "Kitabu iko ya Bwambale," alisema. "Mimi nasoma tu."

Na koti? Lilipatikana kwenye mparachichi, chini kule mto ulikopungua. Alilifua, akakishona upya kile kiraka.

Kisha nikafungua ukurasa wa mwezi wa tano. Nilitaka kuiona siku ile ikiwa tupu. Haikuwa tupu. Namba kubwa kuliko zote kitabuni. Nikamuuliza ilitoka wapi.

"Tulikuwa tunamutafuta. Nikaona matope kwa rula, juu kabisa, pale maji ilifika. Nikasoma. Kisha nikaendelea kulia." Akafunga kitabu. "Wewe ulisema siku moja isikose, Injinia. Ye alikuwa amekwenda kwa ile namba."

Hakusema kwa hasira. Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye akanishikia mwavuli.

Ijumaa, 11 Julai. Bwera

Nimetia saini. Nimeandika ukweli wote: mpaka siku fulani msomaji ni Bwambale, kuanzia siku ile ni Biira, hakusajiliwa, hakufundishwa na yeyote wa ofisi, na kurasa zake ni safi kuliko za wasomaji wetu wote. Nimezilinganisha na vipimo vya mvua. Zinaoana.

Nimeongeza pendekezo. Mto ukifurika, msomaji abaki nyumbani, na siku hiyo isihesabiwe kuwa imekosekana. Mistari miwili. Kuiandika kumenichukua asubuhi nzima, na nilikuwa nimechelewa mwaka mzima.

Mkuu amepiga. Amesema nimefungua mlango kwa matapeli, kila mvivu atadai mafuriko. Kweli, wengine watadai. Nikamwambia waache wadai. Hatukuagana.

Jumapili, 13 Julai. Kasese

Joto. Nimefua mashati. Naogopa watalifuta pendekezo na mto pia.

Jumanne, 19 Agosti. Kampala

Barua imetoka. Mto wa Bwera umepita, daraja la juu, bei kamili. Mistari yangu miwili imepita pia. Hakuna aliyeuliza ilitoka wapi.

Usomaji unaendelea mpaka mtambo ujengwe. Biira sasa ni msomaji, kwa jina lake. Nimempigia, nimemsomea ile mistari miwili, mara mbili. Alisema, "Sawa." Sijui kama ameikubali au amenistahi tu. Nimemwomba anitumie namba kila asubuhi. Ofisi haihitaji. Mimi naihitaji.

Jumatano, 10 Septemba. Kampala

Redio imesema mvua kubwa milimani tangu jana. Saa mbili hakuna namba. Saa mbili na robo hakuna. Nimesimama mbele ya kalenda ukutani, yenye visanduku ninamoandika namba zake, kalamu mkononi. Nilipiga, simu haikupatikana. Nililiona tena lile koti linashuka kwenye nyasi.

Saa tatu kasoro, ujumbe. "Muto iko mubaya leo. Niko nyumba. Nakunywa chai."

Nimeusoma mara nyingi. Nimefunika kalamu. Kisanduku cha leo nimekiacha kitupu.