Daniella hakuharibu skrini

Papa Bénita, na wewe Bénita,

Skrini kubwa ni nzima. Ikizima tena, msiipige makofi. Sukumeni waya uingie vizuri pande zote mbili, kisha bonyezeni kitufe cha chini kulia mpaka iache kuandika «Aucun signal». Ikigoma bado, kwenye laptopu bonyezeni kitufe chenye dirisha pamoja na P, mchague «Dupliquer».

Asubuhi nilifanya hivyo, ikawaka. Kile kitufe cha chini kulia nilikigusa mimi jana nikipangusa vumbi, ikazima. Kisha nikamwambia mutoto wa dada yangu, mbele yenu: «Daniella, umekimbia vita Masisi ili uje uharibu vitu vyangu?» Bénita, ukacheka.

Alfajiri amebeba mkeka wake, ameenda kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Mama Jeancy wa jirani alimuuliza sababu. Akamjibu: «Kule hakuna skrini ya kuvunja, mama.»

Maharagwe yako motoni, ongezeni maji. Bénita, ondoa vitabu vyako kwenye kitanda chake.

~~Mtu ampigie simu, mwambieni arudi.~~ Hapana, naenda mwenyewe kumwomba msamaha.

~~Nitarudi saa nane.~~ Nitarudi akikubali.

Mama