Tazama Miguu Yake

Mutinda mjukuu wangu,

Habari za Nairobi? Huku Kanyangi tuko wazima. Mbaazi zimekomaa, na mama yako amepona kikohozi. Jumapili niliwaambia akina mama wa kanisa kwamba mjukuu wangu wa saksafoni anatunga muziki wa filamu. Niliwaambia mara mbili, maana wengine walijifanya hawajasikia.

Umeniuliza upige nini pale mama wa kwenye filamu anapoambiwa mwanawe amekufa. Mimi jazi siijui. Lakini nikiwa msichana nilipiga kilumi, ile ngoma ya wanawake ya kuomba mvua. Siku ya kwanza kupewa ngoma niliichapa mbio ili watu waone mikono yangu. Mama mmoja mzee aliyekuwa akicheza akashindwa kuifuata, akatoka uwanjani. Susu yangu, bibi aliyetuongoza, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Unajipigia mwenyewe. Tazama miguu yake."

Akamwita yule mama arudi. Nikamfuata polepole, hatua kwa hatua, mpaka akacheza huku akilia. Hakuna aliyenisifu siku hiyo, na sijawahi kupiga vizuri kuliko hapo.

Ukiniletea hiyo filamu, nitafumba macho. Nikijua kwa saksafoni yako tu ni wakati gani miguu ya huyo mama imeishiwa nguvu, nitapiga vigelegele mpaka wale wa kanisani wasikie bila kuambiwa.

Ni mimi Susu yako, ninayeringa kwa ajili yako.